FRANÇOIS VIÈTE: BINGWA ALIYEIFUNZA HESABU KUNGOJA

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya malenga, manahodha na wapigania uhuru. Leo nakuletea bwana mmoja ambaye kazi yake tunaitumia karibu kila kipindi cha Hisabati, lakini jina lake ukilitaja darasani watu watatazamana tu.

Jina lake ni François Viète, na hutamkwa Vyet. Alikuwa Mfaransa. Kwa kazi alikuwa wakili. Aliwatumikia wafalme, akafukuzwa, akarudishwa, na akasoma barua za siri za maadui. Hata hivyo, linalonifanya nimwandike ni jambo moja dogo: ndiye aliyeufanya kuwa utaratibu kamili ule mtindo wa kuweka herufi hata mahali pa nambari zinazojulikana, ili hesabu isilikimbilie jibu kabla ya mwenye kuifanya kuona imejengwaje.

Najua wako watakaoguna. Ati hesabu ndani ya jarida la Kiswahili? Tulieni kidogo, wenzangu. Bwana huyu mali yake ilikuwa irabu na konsonanti. Kama hilo si jambo la chama chetu, basi sijui ni la nani.

Kuzaliwa na Masomo

Viète alizaliwa mwaka wa 1540 katika mji mdogo wa Fontenay-le-Comte, magharibi mwa Ufaransa, katika jimbo la Poitou. Baba yake, Étienne, alikuwa wakili, na kijana akafuata nyayo zake. Alisomea sheria katika mji wa Poitiers, akahitimu akiwa na umri wa miaka ishirini hivi, kisha akarudi nyumbani kufanya kazi hiyo.

Hakukaa sana. Mwaka wa 1564 aliingia katika nyumba ya ukoo mkubwa wa Soubise, na huko akapewa kazi ya kumfundisha binti wa nyumba hiyo, Catherine de Parthenay, aliyekuwa na miaka kumi hivi. Alimfundisha habari za nyota, za nchi na za hesabu. Urafiki wa mwalimu huyo na mwanafunzi wake ulidumu maisha yao yote. Miaka mingi baadaye, alipotoa kitabu chake kikubwa kuliko vyote, alimtunukia Catherine. Mnaona? Si kila mwanafunzi husahau mwalimu, na si kila mwalimu husahau mwanafunzi.

Wakati huo Ufaransa ilikuwa inawaka moto. Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kuanzia mwaka wa 1562 hadi 1598, vita juu ya vita. Agosti 1572 Waprotestanti wengi waliuawa mjini Paris, na mume wa kwanza wa Catherine alikuwa mmoja wao. Viète alikuwa ametumikia nyumba ya Waprotestanti, na sasa angewatumikia wafalme Wakatoliki. Kuishi katikati ya moto wa namna hiyo si mchezo.

Mwaka wa 1573 Mfalme Charles wa 9 alimteua kuwa mshauri katika mahakama kuu ya Bretagne, mjini Rennes. Mwaka wa 1579 alichapisha kitabu cha majedwali ya pembe, na mwaka wa 1580 alikuwa tayari mshauri wa Mfalme Henri wa 3. Hapo nyota yake ilikuwa imeng'aa.

Kufukuzwa

Lakini cheo ni dhamana, na wenye wivu hawalali. Mwishoni mwa mwaka wa 1584 maadui zake katika jumba la mfalme walifaulu kumwondoa. Akawa mtu asiye na kazi mpaka mwaka wa 1589.

Mwingine angelia na kulalamika mpaka mwisho. Viète alikwenda zake Beauvoir-sur-Mer, karibu na bahari ya Atlantiki, akajifungia na karatasi zake. Mwanahistoria mmoja wa zama zake aliandika kwamba bwana huyu aliweza kukaa mezani siku tatu akifikiri, kiwiko mezani, chakula akiletewa hapo hapo. Miaka hiyo ya kufukuzwa ndiyo iliyomzalia matunda. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja, nami nasema kuna faraja nyingine huja ndani ya dhiki yenyewe.

Msomaji wa Barua za Siri

Mwaka wa 1589 Mfalme Henri wa 3 alimwita tena, mjini Tours. Mwaka huo huo mfalme akauawa, na Henri wa 4 akashika nafasi yake. Mfalme mpya alikuwa na adui mkubwa: Mfalme Philip wa 2 wa Uhispania, aliyewasaidia Wakatoliki waliompinga. Wahispania waliandikiana kwa maandishi ya fumbo, yenye mamia ya alama. Alama moja huenda ilisimama kwa herufi, nyingine kwa neno zima. Ukiikamata barua, huambulii kitu.

Hapa ngoja niwape kitu cha kwenda nacho. Neno la Kifaransa la maandishi hayo ya fumbo ni chiffre, na Waingereza husema cipher. Maneno hayo yote yametoka katika neno la Kiarabu sifr, lenye maana ya kitu kitupu. Sisi nasi tulilichukua neno hilo hilo, tukapata sifuri. Kumbe sifuri yetu na barua za siri za wafalme ni watoto wa mama mmoja!

Mikononi mwa Viète iliangukia barua ndefu ambayo kamanda mmoja aitwaye Moreo alikuwa amemwandikia Mfalme Philip. Aliipata vipande vipande, na kazi ikamchukua miezi. Haikufaa kubahatisha, kwani alama ukiipa maana kabla ya wakati, kosa hilo hulitia sumu kila neno linalofuata. Ilimbidi aiache alama ibaki fumbo, aangalie inakaa wapi, inafuatana na nani, inarudi mara ngapi, mpaka ushahidi wenyewe uitaje. Machi 1590 aliimaliza. Ndani yake ilionekana kwamba mkuu wa wale waliompinga mfalme, Mtawala wa Mayenne, alikuwa anautaka ufalme kwa ajili yake mwenyewe. Henri wa 4 aliichapisha barua hiyo watu wote waisome.

Inasimuliwa kwamba Mfalme Philip alipogundua siri zake zinasomwa, alimlalamikia Papa kwamba Wafaransa wanatumia uchawi. Lo! Uchawi gani? Ni subira na penseli.

Irabu na Konsonanti

Sasa tufike penyewe. Mwaka wa 1591, mjini Tours, Viète alitoa kitabu chembamba kwa Kilatini, ambacho jina lake tunaweza kulieleza kuwa utangulizi wa sanaa ya uchambuzi. Humo aligawa hesabu mafungu mawili. La kwanza ni hesabu ya nambari, ile ya sokoni na dukani. La pili ni hesabu ya sura za vitu, ambamo herufi hushika nafasi ya kiasi chochote. Kisha akaweka sheria: kiasi kisichojulikana, kile tunachokitafuta, kiandikwe kwa irabu kama A au E, kiasi kinachojulikana kiandikwe kwa konsonanti kama B au D.

Huenda ukauliza, kama kiasi kinajulikana, kwa nini usiandike nambari yake ukamaliza? Swali zuri. Hapo ndipo siri ilipo.

Hebu tumtazame bwana mwingine aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka elfu moja: Diophantus, aliyeishi Alexandria, Misri, hapa hapa Afrika. Hesabu ya kwanza katika kitabu chake ni hii: igawe 100 iwe mafungu mawili, na moja lizidi jingine kwa 40. Diophantus alifanya kazi yake, akapata 70 na 30. Safi kabisa. Lakini kesho mtu akija na 18 na 4 badala ya 100 na 40, itabidi aanze upya. Ukilitazama jibu 70 peke yake, halikuambii lilivyopatikana. Nyayo zimefutika.

Viète aliichukua hesabu hiyo hiyo. Jumla akaiita D, tofauti akaiita B, na fungu dogo lisilojulikana akaliita A. Fungu kubwa ni A na B pamoja. Kwa alama zetu za leo, A + A + B = D. Kwa hiyo A ni nusu ya D ukitoa nusu ya B. Akaishia hapo! Nusu ya jumla toa nusu ya tofauti, upate fungu dogo. Nusu ya jumla ongeza nusu ya tofauti, upate kubwa. Kwa mbuzi 18 na tofauti ya 4, ni 9 toa 2 na 9 ongeza 2, yaani 7 na 11. Kwa 100 na 40 utapata yale yale ya Diophantus. Ni jibu la hesabu zote za aina hiyo, na nyayo zake ziko wazi. Limepatikana kwa sababu D na B hazikuweza kujumlishwa wala kutolewa zikawa nambari moja. Zilikataa kujibiwa, na katika kukataa kwao zikatuonyesha njia.

Chukua mfano wa pili, huu wa darasani. Mlinganyo x² − 7x + 12 = 0 una majibu mawili, 3 na 4. Ile 7 imetoka wapi? Ni 3 + 4. Na 12 je? Ni 3 × 4. Mtu akishaandika 7, uhusiano umezikwa. Akiacha pameandikwa 3 + 4, mtoto wa shule ya msingi ataona. Viète aliufuata uhusiano huu wa majibu na nambari zinazosimama ndani ya mlinganyo, kwa majibu yaliyo zaidi ya sifuri, maana yaliyo chini ya sifuri hakuyakubali. Mpaka leo kanuni hizo zinaitwa kwa jina lake.

Pai Iliyoachwa Wazi

Kama bado hujakubali, nakuletea kazi yake ya mwaka wa 1593. Kila mwanafunzi anaijua pai, ile nambari ya duara, 3.14 na kuendelea. Viète alianza na mraba ndani ya duara, akauongeza pande ziwe 8, kisha 16, kisha 32, bila kikomo, akitazama umbo linavyolikaribia duara. Akapata kwamba 2 ukiigawanya kwa pai ni sawa na kuzidisha mfululizo huu, ambao nauandika kwa alama za leo:

√2/2, kisha √(2 + √2)/2, kisha √(2 + √(2 + √2))/2, na kadhalika daima.

Alama √ ni kipeuo cha pili, yaani ile nambari ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata iliyomo ndani. Tazama mfululizo huo vizuri. Hata kama huipendi hesabu, nina hakika wa nne unaweza kuuandika wewe mwenyewe: unachukua kipeuo kilichotangulia, unaongeza 2, unakifunika kwa kipeuo kingine. Ni kama sufuria ndani ya sufuria.

Sasa mpe kazi hiyo mtu mwenye haraka na kikokotoo. Atakuandikia 0.7071, kisha 0.9239, kisha 0.9808. Nambari hizo ni sahihi. Lakini nani atakuambia ya nne ni ipi? Sufuria zote zimeyeyushwa, kimebaki chuma tu. Haraka haraka haina baraka.

Ukizidisha hizo tatu na kugawanya 2 kwa ulichopata, unapata 3.1214. Ukiongeza ya nne unapata 3.1365. Unasogea polepole. Huu ndio mfano wa kwanza tunaoujua Ulaya wa pai kuandikwa kwa mfululizo usio na mwisho, na ulizaliwa kwa sababu mtu mmoja alikubali kuiacha √2 ibaki √2.

Nisieleweke vibaya. Viète hakuogopa nambari. Ni yeye huyo huyo aliyekokotoa pai mpaka tarakimu tisa baada ya nukta, kwa umbo lenye pande 393,216. Bila mashine, bwana! Alijua wakati wa kuizuia hesabu na wakati wa kuifungulia.

Mtihani wa Mbele ya Mfalme

Mwaka huo wa 1593 mtaalamu wa nchi za Uholanzi na Ubelgiji za leo, Adriaan van Roomen, alitoa changamoto kwa wanahesabu wote wa dunia: mlinganyo ambamo kisichojulikana kimezidishwa kwa chenyewe mpaka mara 45. Inasimuliwa kwamba balozi wa Uholanzi alimwambia Henri wa 4 kuwa Ufaransa haina mtu wa kuuweza. Mfalme akacheka, akamwita Viète. Viète akausoma, akatoa jibu moja papo hapo. Kesho yake akaleta mengine 22. Yote pamoja ni 23, yaani majibu yote yaliyo zaidi ya sifuri. Mwaka wa 1595 alichapisha maelezo kamili.

Aliwezaje? Upande wa pili wa mlinganyo huo haukuwa na nambari ya kawaida. Van Roomen alikuwa ameacha vipeuo ndani ya vipeuo. Ungevikokotoa ungepata 0.4158 hivi, nambari isiyo na sura wala ukoo. Lakini vikiachwa vilivyo, mtu aliyezoea maumbo anavitambua: ni urefu wa upande mmoja wa umbo la pande 15 zilizo sawa, lililo ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha 1. Viète alipoona hivyo, alijua kwamba mlinganyo wote unauliza jambo moja tu, kugawanya pembe katika sehemu 45 zilizo sawa. Na 45 ni 3 mara 3 mara 5. Kazi ikawa nyepesi. Heshima ya nchi nzima ilitegemea vipeuo ambavyo hakuna aliyekimbilia kuvifungua.

Van Roomen hakukasirika. Viète alimpa naye fumbo la maumbo, na baadaye Mbelgiji huyo alifunga safari hadi Ufaransa kumtembelea. Wakawa marafiki. Ndivyo mashindano ya wenye akili yanavyofaa kwisha.

Kifo na Urithi Wake

Viète aliacha kazi ya mfalme mwaka wa 1602, akafariki mjini Paris mwaka wa 1603. Vitabu vyake vingi alivichapa kwa gharama yake na kuwagawia rafiki zake, na vingine vilibaki mafungu ya karatasi. Mwaka wa 1615 Alexander Anderson, kutoka Scotland, alichapisha baadhi ya hizo karatasi. Mwaka wa 1629 Albert Girard alizieleza kanuni za majibu ya milinganyo kwa upana zaidi. Mwaka wa 1637 Descartes akabadilisha herufi: x, y, z kwa visivyojulikana na a, b, c kwa vinavyojulikana. Huo ndio mtindo wetu. Irabu na konsonanti zikaachwa, lakini wazo likabaki la Viète.

Na je, leo? Leo tuna programu za kompyuta zinazofanya aljebra kwa herufi, si kwa nambari tu. Macsyma ilianza mwaka wa 1968 katika chuo cha MIT, Marekani, na kizazi chake, Maxima, hupatikana bure. Maple ilianza mwaka wa 1980 nchini Canada. Iko pia SymPy, nayo ni ya bure. Hizi ni wajukuu wa Viète, lakini wajukuu hawa wana kiherehere. Andika x + x, kabla hujapumua imekuwa 2x. Mwambie Maxima ajumlishe 1 mpaka 10, mara moja 55. Mara nyingi hilo ndilo tunalolitaka. Lakini mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jumla yenyewe, au mtafiti anayetafuta mpangilio kama wa zile sufuria, anataka mashine ifunge mdomo kwanza.

Waliozitunga walilijua hilo, wakaweka breki. Na hapa wana wa Kiswahili furahini! Katika Maxima breki hiyo ni ritifaa, ile ile tunayoiweka katika ng'ombe. Ukiitia mbele ya jina la tendo la kujumlisha, Maxima huiacha jumla ikiwa imeandikwa tu, bila kuitafutia jibu. Katika Maple unauzungushia usemi ritifaa mbili, mbele na nyuma. Kila mashine inapousoma hubandua ganda moja, kama kitunguu. Katika SymPy unaiambia kwa maneno kwamba kujibu ni hapana, na baadaye unapotaka jibu unaiamuru itende.

Lakini breki zina ngazi. Katika Maple hata ukiandika 2 + 3 ndani ya ritifaa, utarudishiwa 5. Sababu ni kwamba ritifaa huzuia mashine kutafuta thamani za majina na kutekeleza matendo, lakini haizuii kurahisisha, na 2 + 3 kuwa 5 huhesabiwa kuwa kurahisisha. Maxima ni vivyo hivyo, ina swichi nyingine ya kuzima kurahisisha. Katika SymPy ukiandika 3 + 5, lugha ya Python iliyo chini yake imeshajibu 8 kabla SymPy yenyewe haijaona kitu. Kwa hiyo anayetaka kuzuia jibu lazima kwanza ajue ni nani anayejibu.

Tena breki ikisahauliwa, gari haliendi. Usemi uliozuiwa hubaki vile vile hata pale ungependa ufupike. X + x itakaa x + x, na kazi itajaa takataka. Kungoja si kulala. Viète alingoja akiwa macho.

Neno la Mwisho

Nimeyasimulia haya kwa sababu moja. Siku hizi jibu ni rahisi kupata kuliko maji ya bomba. Unabonyeza, linatoka. Wako wanaosema basi hakuna haja ya kujifunza aljebra, mashine itafanya. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mashine inajua kujibu, lakini haijui ni lini wewe unahitaji kuona nyayo. Uamuzi wa kusema ngoja kwanza, usijibu, niache nitazame, huo ni wa binadamu, na anayeweza kuutoa ni yule tu anayejua anachokitafuta.

Shime basi, wanafunzi wenzangu. Mkiwa katika mtihani wa Hisabati msikimbilie desimali. Acheni √2 iwe √2 mpaka mstari wa mwisho. Andikeni 3 + 4 pale ambapo 3 + 4 inasema zaidi ya 7. Na mkikutana na irabu na konsonanti katika sarufi, mkumbukeni wakili wa Fontenay-le-Comte aliyezipeleka kwenye hesabu, zikafanya kazi mpaka leo. Mvumilivu hula mbivu.

Kwaherini, tuonane tena katika toleo lijalo, Mungu akipenda.